Mizunguko 14: kisa cha difu ya Chevrolet 3600 ya mwaka 1951

Kwa wiki mbili niliamini kwamba difu ya gari langu, yaani gia za kwenye ekseli ya nyuma, ina uwiano wa 4.11. Niliihesabu mwenyewe nikiwa nimelala chini ya gari, fundi mwenzangu akinisaidia, na jibu lilipotoka tulipeana mikono. Jibu halikuwa la kweli. Ushahidi wa kutuonya tulikuwa nao siku ile ile, umeandikwa kwa chaki sakafuni, na sisi wenyewe tukaufuta kwa kuutafutia wastani. Ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuelezwa hatua kwa hatua, pamoja na hatua za makosa.

Gari ni pikapu ya Chevrolet 3600 ya mwaka 1951, ile ya robo tatu ya tani. Injini ni silinda 6 za mstari mmoja, inchi za ujazo 216, yaani kama lita 3.5. Giaboksi ina gia 4 za mbele. Gia namba 1 ni nzito mno, ya kutokea matopeni, na namba 4 ni moja kwa moja: krenki, mhimili wa injini, ikizunguka mara moja, propela, mhimili unaopeleka mzunguko nyuma kwenye difu, nayo inazunguka mara moja. Jambo hilo la gia namba 4 litakuja kutusaidia.

Aliyeniuzia alisema difu imewahi kubadilishwa. Ilibadilishwa lini, ikawekwa ipi, hakujua. Nilikwangua nyumba ya difu kutafuta kibati au namba, nikakuta kutu juu ya rangi juu ya kutu. Hakuna kilichosomeka.

Kwa asiyezoea, uwiano wa difu, ambao gerejini wengi wanauita resho, ni hesabu ya propela inazunguka mara ngapi ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja. Unatokana na meno tu. Mwisho wa propela kuna pinioni, gia ndogo, inayosukuma krauni, gia kubwa iliyo ndani ya difu. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, umepata uwiano. Katika malori madogo ya Chevrolet ya kizazi kile kilichoanza 1947 na kuisha mapema 1955, 3100 ya nusu tani ilitoka na 4.11, ambayo ni meno 37 kwa 9. 3600 kama langu ilitoka na 4.57, meno 32 kwa 7. 3800 ya tani moja ilitoka na 5.14, meno 36 kwa 7. Namba ikiwa kubwa, gari linavuta mzigo kwa nguvu lakini injini inapiga kelele barabarani. Namba ikiwa ndogo, gari linakimbia kwa utulivu lakini mlimani linachoka mapema.

Kulijua hilo hakukuwa udadisi mtupu kwangu. Injini ya 216 haina beringi za kubadilisha kwenye konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, kama za injini za baadaye. Ina babiti, madini laini yanayoyeyushwa na kumwagwa ndani ya konrodi yenyewe. Na oili haifiki kwenye beringi hizo kwa kusukumwa na pampu kupitia ndani ya krenki. Kila konrodi ina kijiko chini yake kinachochota oili kila kikipita. Mfumo huo ukiheshimiwa unadumu sana. Ukiukimbiza kwa saa nyingi karibu na mwisho wa uwezo wake, babiti inachoka, na kugonga kukianza umechelewa. Injini hii inafikia nguvu zake za mwisho kabla ya mizunguko 3,500 kwa dakika. Mimi nimejiwekea kwamba safari ndefu isipite 2,600. Sasa 2,600 ni mwendo gani barabarani? Hilo linajibiwa na difu na tairi, hakuna kingine.

Hesabu ya kwanza

Tulinyanyua sehemu ya nyuma, tukaweka stendi chini ya ekseli pande zote mbili, magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa kwa kabari. Gia frii, handibreki imeachiwa. Nikachora mstari wa chaki kwenye tairi la kushoto, na mwingine kwenye propela, ukielekea kipande cha waya nilichokifunga kwenye chasisi kiwe kama mshale. Nikazungusha propela kwa mkono huku nahesabu. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa akiangalia tairi la kushoto, kazi yake ni kuniambia likikamilisha mzunguko mmoja.

Mara ya kwanza: propela mizunguko 4 na kidogo, tukaandika 4.1. Mara ya pili: 4.2. Mara ya tatu: 3.9.

Tukajumlisha, tukagawanya kwa 3, ikaja 4.07. Na kwa kuwa 4.11 ni namba inayojulikana katika magari haya, na 4.07 iko jirani yake, tukasema ni 4.11. Nilifurahi kwa dhati. Kwa 4.11 injini yangu ingeweza kwenda kilomita 87 kwa saa ikiwa kwenye mizunguko 2,600. Mwendo huo ungeniridhisha kabisa.

Ningeomba msomaji asimame hapo kwenye namba tatu kabla hatujaendelea. 4.1, 4.2, 3.9. Unapopima urefu wa mbao kwa futi ya kitambaa, vipimo vitatu vinatofautiana kidogo, na wastani una maana. Hapa tulikuwa tunahesabu meno ya chuma yaliyofungana. Hayatelezi na hayaruki. Propela ikitofautiana kwa karibu theluthi moja ya mzunguko kati ya jaribio na jaribio, hilo si kosa la jicho, maana theluthi ya mzunguko ni upande mzima wa propela. Ina maana kuna kitu kingine kinazunguka ambacho hakuna anayekihesabu.

Barabara inakataa

Wiki iliyofuata nilipata takometa, kipimo cha mizunguko ya injini kwa dakika, nikaifunga. Nikapima na tairi. Sikupima kwa rula kutoka chini hadi juu, kwa sababu tairi lililobeba gari linabonyea, na kipimo cha tairi lililo hewani kinadanganya. Nilichora alama kwenye tairi na sakafuni, nikasukuma gari polepole hadi tairi lizunguke mara 5 kamili, nikapima umbali: mita 11.50. Kwa hiyo kila mzunguko ni mita 2.30.

Hesabu ya barabarani ni nyepesi. Kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika. Gawanya kwa 2.30, gurudumu linazunguka mara 435 kwa dakika. Zidisha kwa 4.11: injini, ikiwa kwenye gia namba 4, inatakiwa isome karibu 1,790.

Nilitoka kwenye barabara iliyonyooka, simu ikipima mwendo kwa GPS, nikatulia kwenye 60. Takometa ilisimama kwenye 2,230.

Tofauti ya mizunguko zaidi ya 400 huwezi kuiita kosa dogo. Lakini kwa kuwa difu nilikuwa "nimeihesabu", sikuishuku. Nilianza kushuku kila kitu kingine, na nitaeleza jinsi kila mshukiwa alivyoondoka, kwa sababu njia ya kumwondoa ina faida hata kwa gari lenye tatizo tofauti.

Wa kwanza alikuwa klachi. Klachi ikiteleza, injini inazunguka zaidi ya propela. Lakini hapa ingebidi injini ipoteze mzunguko mmoja katika kila mitano, muda wote. Klachi ya namna hiyo inanuka moto kabla hujamaliza kilomita chache. Isitoshe, kuteleza kunafuata mzigo: ukipanda kunazidi, ukishuka huku umeachia mafuta kunakwisha. Nilirudia mlimani na mteremkoni. Kwenye 60, sindano ilirudi pale pale, 2,230 kupanda, 2,230 kushuka. Kitu kisichojali mzigo ni cha meno.

Takometa je? Takometa za umeme zinahesabu cheche, na zina swichi ya kuchagua silinda 4, 6 au 8. Ingekuwa imewekwa kwenye 4, ingesoma mara moja na nusu ya ukweli, yaani 2,680 badala ya 1,790. Ingekuwa kwenye 8, ingesoma robo tatu tu, 1,340. Niliyoiona mimi ilizidi kwa robo. Hakuna mkao wa swichi unaotoa robo. Hata hivyo niliichungulia, ilikuwa kwenye 6.

Tairi nililipima mwenyewe, lakini nilijiuliza: ili 4.11 iwe ya kweli, tairi lingetakiwa liwe na mzingo gani? Jibu ni mita 1.84, tairi la gari dogo la saluni. Hakuna makosa ya kupima yanayoweza kugeuza tairi la pikapu likawa hilo. Gia namba 3 nayo haikufaa kulaumiwa, kwa sababu ina 1.71 na ingepeleka injini juu ya 3,000.

Wakati huo nikakumbuka spidometa, chombo ambacho watu wengi hawakifikirii kama shahidi. Kwenye magari haya kebo ya spidometa inatoka mkiani mwa giaboksi, inazungushwa na kitu kile kile kinachozungusha propela. Yenyewe haijui chochote kuhusu difu. Inachojua ni propela, na kiwandani gia zake ndogo zilichaguliwa zilingane na difu na tairi za gari husika. Difu ikibadilishwa na gia hizo zikaachwa, spidometa itadanganya kwa kiasi kile kile difu ilivyobadilika. Yangu, simu ikisema kilomita 60, ambazo ni maili 37 na ushee, ilisoma maili 42. Inazidi kwa sehemu ya 12 hadi 13 katika 100. Nami 3600 yangu ilizaliwa na 4.57. Kuzidisha 4.57 kwa kiasi hicho kunatua kwenye 5.14. Huu ni ushahidi dhaifu kidogo, maana tairi za leo huenda hazina mzingo wa zile za mwaka 1951, na spidometa ya umri ule ina uchovu wake. Lakini ulielekea upande mmoja na takometa: 2,230 ukigawanya kwa 435 unapata 5.13.

Mashahidi wawili wasiojuana walikuwa wanasema difu ni nzito. Aliyebaki kusema ni nyepesi alikuwa mimi na chaki yangu.

Tulichokuwa hatukihesabu

Tulirudi chini ya gari. Safari hii nilichora chaki kwenye matairi yote mawili, na kabla ya kuhesabu chochote nikamwomba mwenzangu azungushe propela taratibu nami nikae nyuma nione pande zote mbili kwa pamoja. Nilichokiona kilinipa aibu na furaha kwa wakati mmoja. La kushoto lilizunguka kwa ulaini. La kulia lilikwenda kidogo, likasimama, likasukumwa tena, likasimama. La kushoto lilipotimiza mzunguko, la kulia lilikuwa limepita nusu tu.

Sababu ilikuwa breki. Kiatu cha breki cha kulia kilikuwa kinagusa drami, kinakwaruza sehemu moja ya mzunguko. Nilikuwa nimewahi kuona drami ya kulia ina joto kuliko ya kushoto baada ya safari, nikapanga kuishughulikia "baadaye".

Kazi ya difu, ile inayoifanya iitwe difu, ni kuruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Ndani ya krauni kuna gia ndogo ambazo mafundi wanaziita spaida, zinazogawa mwendo kushoto na kulia. Krauni yenyewe haimfuati wa kushoto wala wa kulia. Inazunguka wastani wa wote wawili. Kwa hiyo propela haikupi uwiano wa gurudumu moja, inakupa uwiano wa wastani wa mawili. Ukiangalia la kushoto peke yake, jibu lako linategemea la kulia linafanya nini nyuma ya mgongo wako.

Weka namba. Difu ikiwa 5.14, la kushoto likizunguka mara 1 na la kulia mara 0.6, wastani ni 0.8. Propela itazunguka 5.14 mara 0.8, ambayo ni 4.1. Hiyo ndiyo namba yetu ya kwanza. Breki ikikwaruza kidogo zaidi, la kulia linabaki nyuma, unapata 3.9. Ikiachia kidogo, unapata 4.2. Namba zetu tatu zilikuwa zinapima breki mbovu, na kwa bahati mbaya zilizunguka jirani na namba ya kitabuni. Zingeangukia 3.3 au 4.8, tungeshtuka. Zilipoangukia karibu na 4.11 tulilala.

Mizunguko 14

Njia ya kuondoa utata huu ni kuliondoa gurudumu moja katika hesabu. Tulishusha upande wa kulia mpaka tairi likakaa chini na kubeba uzito, halitikisiki. La kushoto likabaki hewani juu ya stendi. Sasa la kulia ni sifuri, hakuna cha kukisia. La kushoto likizunguka mara 1, wastani ni nusu, kwa hiyo propela inazunguka nusu ya uwiano. Mtu akisahau kuzidisha kwa 2 mwishoni atapata 2.57 na kudhani ana gari la mashindano. Na mtu akizidisha kwa 2 wakati difu yake ni ya kufunga, ile isiyoruhusu gurudumu moja lizunguke peke yake, naye atakosea. Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa, yote mawili yakiwa juu, gia imeingizwa ili propela isizunguke, ni kusukuma gurudumu moja na kuangalia la pili. Likirudi kinyume, difu ni ya kawaida. Likikataa, au likitaka kwenda upande mmoja na lenzake, ni ya kufunga, na hesabu yake haina kuzidisha. Yangu ilirudi kinyume.

Iliyobaki ni kuchagua idadi ya mizunguko, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ni sehemu niliyoipenda kuliko zote. Wengi wanazungusha mara 1, wanakadiria "mbili na nusu hivi". Wengine wanazungusha mara 10, ambayo ni bora zaidi. Mimi nilichagua 14.

Angalia meno. 4.57 na 5.14 zote zina pinioni ya meno 7. Krauni ikizunguka mara 7, pinioni imezunguka mara kamili, bila mabaki: 32 kwa difu moja, 36 kwa nyingine. Na kwa kuwa gurudumu moja limesimama, krauni kuzunguka mara 7 ni gurudumu la hewani kuzunguka mara 14. Maana yake, baada ya mizunguko 14 ya gurudumu, chaki ya propela inapaswa kurudi kwenye waya ule ule ilipoanzia. Huhitaji kukadiria sehemu ya mzunguko kwa jicho. Chaki inarudi nyumbani, au hairudi.

Na isiporudi, namna inavyokosa inakueleza kitu. Difu ya meno 37 kwa 9 ingefikisha propela 28 na zaidi ya robo tatu. Kuna seti nyingine za difu, za meno 41 kwa 8, ambazo zinaandikwa 5.13. Barabarani hakuna takometa itakayozitofautisha na 5.14. Lakini kwa mizunguko 14 zingesimama kwenye 35 na saba ya nane, chaki ikiwa nyuma ya waya kwa sehemu ya nane ya duara, na hiyo inaonekana kwa macho bila shida. Vivyo hivyo 41 kwa 9, ambayo ni 4.56, ingekosa 32 kwa sehemu ya tisa.

Kuna kulegea kati ya meno ya pinioni na krauni, na kwenye msalaba wa propela pia. Dawa ni kusogeza gurudumu upande unaotaka kulizungusha mpaka kulegea kuishe na propela ianze kufuata, ndipo uchore alama. Baada ya hapo usirudi nyuma hata kidogo. Ukipitiliza, anza upya.

Mwenzangu alizungusha gurudumu akihesabu kwa sauti, mimi nikihesabu propela kimyakimya ili tusivurugane. Alipotamka 14, nilikuwa kwenye 36, na chaki ilikuwa imefunikwa na kivuli cha waya. Tukarudia: 36. Tukarudia: 36. Tofauti kati ya majaribio matatu haikufikia upana wa kidole.

36 mara 2, gawanya kwa 14: 5.14. Ni difu ya 3800 ya tani moja, imo ndani ya pikapu ya robo tatu tani.

Kwenye gari lisilo kama hili

Ninayoyaeleza yanategemea kuiona propela. Kwenye 3100 ya kizazi hicho hicho huioni, kwa sababu propela imefunikwa ndani ya bomba kutoka giaboksi hadi difu. Hapo unatumia injini yenyewe. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, ingiza gia ya juu kabisa ambayo ni moja kwa moja, kisha zungusha krenki na uhesabu puli ya mbele badala ya propela. Mengine ni yale yale, gurudumu moja chini, jingine hewani, zidisha kwa 2. Kwa 4.11 usitumie 14, tumia 18, kwa sababu pinioni yake ina meno 9, na puli itarudi kwenye alama baada ya mizunguko 37. Giaboksi isiyo na gia ya moja kwa moja inahitaji uwiano wa gia yake uingizwe katika hesabu. Na malori makubwa yenye difu ya mwendo wa aina mbili, kama zile za Eaton, yana majibu mawili ndani ya nyumba moja. Ukihesabu moja tu hujui umehesabu ipi.

Baada ya jibu

Breki ya kulia tuliifungua siku hiyo hiyo. Springi ya kurudishia viatu ilikuwa imechoka. Tukabadilisha zote, pande zote mbili, tukarekebisha, gurudumu likawa laini.

Halafu nilifanya jambo ambalo halikuwa la lazima. Nilitaka kuona ile njia yetu ya kwanza ingetoa nini kama tungeangalia pande zote mbili. Magurudumu yote juu, nikazungusha propela mara 36 kamili, tukahesabu kila tairi kwa kutumia chaki yake. La kushoto lilikwenda mara 7 na robo tatu. La kulia mara 6 na robo. Jumla 14. Nikarudia huku mwenzangu akilishika la kushoto kidogo kwa kiganja: 5 na nusu kushoto, 8 na nusu kulia. Jumla 14. Hata ulisumbue vipi gurudumu moja, lenzake linalipa tofauti, na jumla haibadiliki. Tuliyafanya hayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kuhusu mwendo, matumaini ya kilomita 87 yalikwisha. Kwa 5.14 na tairi za mita 2.30, mizunguko 2,600 ni kilomita 70 kwa saa, kasoro kidogo. Ningerudisha 4.57 ningepata 78. Nimeifikiria hiyo 4.57 kwa muda mrefu, na kwa sasa nimeiacha, kwa sababu gari hili linabeba mbao na mawe mara nyingi kuliko linavyosafiri likiwa tupu, na mlimani likiwa na mzigo 5.14 inaiacha injini ipumue badala ya kuteseka. Nilipaka mstari mwekundu kwenye takometa kwenye 2,600. Spidometa nimeiacha iendelee kusema uongo wake ninaoufahamu, hadi nitakapopata gia zake ndogo.

Miezi michache baadaye sili ya pinioni ilianza kuvuja, tukalazimika kuishusha difu. Nilipoifuta oili nilihesabu meno kwa kalamu ya rangi, jino baada ya jino, nikaweka nukta kwenye jino la kuanzia. Krauni 36. Pinioni 7. Kabla ya kuirudisha nilisugua nyumba ya difu hadi chuma kikang'aa, nikaigonga kwa patasi za namba, upande wa juu ambako matope hayafiki: 36/7.